Gemu za mkakati toka utotoni hadi uzeeni: tafuta mchezo unaokungoja

Mwaka 2003 saa moja ya kompyuta kwenye intaneti kafe ya mtaani kwetu ilikuwa shilingi 500, na mimi zangu zote ziliishia kwenye Red Alert, gemu ya vita ya kompyuta. Mwenye kafe alikuwa na saa ya mezani. Dakika ya sitini ikigonga anapita nyuma yako na kuzima skrini, hata kama vifaru vyako viko mlangoni kwa adui. Leo nina miaka arobaini na kitu, kompyuta ni yangu, shilingi 500 hainisumbui, lakini nyumbani kuna mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayezima skrini bila hata kutazama saa.

Kwa miaka hiyo yote nimebadilisha gemu mara nyingi, na kila nilipobadilisha nilidhani nimezeeka. Siku hizi naliona tofauti. Kabla ya kuchagua gemu ya mkakati, yako au ya mwanao au ya mzee wako, jiulize nani anaweza kukuita ukiwa katikati ya mchezo, na mchezo utafanya nini ukiitwa.

Kwa kipimo hicho nazigawa mafungu matatu. Kuna za mbio: Age of Empires, StarCraft, Red Alert. Kila kitu kinakwenda kwa pamoja, wewe unalima huku adui naye analima, na ukienda kufungua geti unarudi umechomewa nyumba. Ukicheza na kompyuta unaweza kuisimamisha. Ukicheza na watu mtandaoni, sahau. Kuna za zamu: Civilization, Polytopia, Unciv. Hizi ni kama bao au drafti, unacheza wewe kisha anacheza mwenzio, na ukiiacha wiki nzima utaikuta vilevile ulivyoiacha. Halafu kuna zinazokuita: Clash of Clans na ndugu zake wa kwenye simu. Unaanza kujenga mnara, unaambiwa subiri masaa, halafu saa tano usiku simu inalia kukwambia mnara uko tayari. Huko ratiba inapangwa na gemu.

Kuhusu kasi ya vidole, ndiyo, inapungua kadiri umri unavyokwenda. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, walichambua michezo ya watu 3,305 wa StarCraft II, wenye miaka 16 hadi 44. Waliona kasi ya kuona jambo na kulijibu inaanza kushuka kwenye miaka 24 hivi. Ishirini na nne! Lakini katika data hiyohiyo wakubwa walionekana kufidia: mbinu zao nyepesi zaidi, na vitufe na njia za mkato wanazitumia vizuri kuliko vijana. Kwa hiyo mtu wa miaka 45 asijifariji kwa uongo kwamba bado ana mikono ya kafe, ila pia asiache kucheza.

## Pima kipande chako cha muda

Chukua siku tatu za kawaida. Kila ukikaa huna kazi, andika dakika ulizopata kabla hujaitwa na mtu, simu, jiko au usingizi. Mimi nilipata 12, 25, 9, 40, 11. Usiandike muda unaotamani kuupata, andika uliopatikana kweli.

Vipande vingi vikiwa chini ya robo saa, wewe ni mtu wa zamu, tena kwenye simu. Ukipata dakika 20 hadi 40 mara kwa mara, unaweza kucheza misheni moja ya gemu ya mbio dhidi ya kompyuta. Mechi ya mtandaoni ya Age of Empires II hufika dakika 40 bila shida, na ukiiacha njiani unamharibia mtu mwingine jioni yake. Hiyo ni ya mwenye saa nzima na mlango unaofungwa.

Fanya hesabu hii upya kila maisha yanapobadilika: ukihama, ukizaa, ukipata kazi ya zamu za usiku, ukistaafu.

## Miaka 6 hadi 9: jua litatoka wapi?

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano sina ushauri wa gemu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na kwa wengi saa hiyo imeshaliwa na katuni.

Akianza shule, gemu ninayoipenda kumwanzishia ni Plants vs. Zombies ile ya mwanzo, ya mwaka 2009. Mazombi yanakuja kwenye bustani, wewe unapanda mimea ya kuyazuia. Usidanganyike na uchekeshaji wake, humo ndani kuna somo zima la uchumi. Kila kijua unachookota kina thamani ya 25. Alizeti inagharimu 50, na kazi yake ni kukutolea jua tu. Mrusha njegere anagharimu 100, na huyo ndiye anayepiga.

Binti yangu akiwa na miaka 7 alikuwa anamnunua mrusha njegere mara tu anapofikisha 100. Anafurahi, njegere zinaruka. Zombi la pili likija kwenye mstari mwingine hana kitu, anaanza kulia. Sikumwambia afanye nini. Nilimuuliza tu, "Jua litatoka wapi?" Siku ya tatu alipanda alizeti mbili kwanza, kwa bei ileile ya mrusha njegere mmoja, akakaa mikono mapajani anasubiri huku zombi linatembea. Kule kusubiri ndiko nilikokuwa nakutafuta.

Kwa umri huu: kaa pembeni yake, hatua mbili au tatu kisha mnafunga. Usishike kipanya. Uliza swali moja kwa kila hatua aliyoshindwa, lisizidi moja. Na zima intaneti kwenye kifaa, matangazo ya gemu za bure siyo ya watoto.

## Miaka 10 hadi 13: dakika kumi za mwanzo

Hapa ndipo napenda kukaa muda mrefu, kwa sababu mtoto wa umri huu akifundishwa dakika kumi za mwanzo za Age of Empires II, zilizobaki atajifundisha mwenyewe. Toleo jipya ni la mwaka 2019. Kompyuta yako ikiwa dhaifu au mfuko ukigoma, pakua 0 A.D., ni ya bure kabisa, haidai bando ukishaiweka, na mafunzo ni yaleyale: kulima kabla ya kupigana.

Chagua mchezaji mmoja, kompyuta ya kiwango rahisi, ramani ya Arena, ambayo kila mji unaanza umezungukwa na ukuta. Punguza kasi. Kisha:

1. Sekunde ya kwanza bonyeza H kuchagua jengo la mji, kisha Q kuagiza mwanakijiji. Una chakula 200, mwanakijiji ni 50, kwa hiyo agiza wanne mfululizo. Kila mmoja huchukua sekunde 25 kutoka.

2. Jengo la mji linabeba watu 5, na wewe umeanza na 4: wanakijiji watatu na mpanda farasi wa kupeleleza. Bila nyumba uzazi utakwama. Wanakijiji wawili wajenge nyumba moja, wa tatu ajenge nyingine. Nyumba ni mbao 25, inabeba watano.

3. Mpelelezi azunguke mji kwa duara linalopanuka. Kuna kondoo wanne karibu na wengine wawiliwawili mbali kidogo. Ukichelewa, jirani atawaswaga kwake.

4. Kondoo wachinjwe mmojammoja, tena pembeni kabisa mwa jengo la mji. Nyama inaoza humu kama inavyooza buchani, na mwanakijiji anayetembea na nyama begani ni mshahara unaopotea njiani.

5. Sita wa kwanza kwenye kondoo. Wanaofuata watatu au wanne kwenye miti, na hapohapo jenga kambi ya mbao, inagharimu 100.

6. Kondoo wakikaribia kwisha, mtume mmoja akamchokoze nguruwe mwitu kwa mishale kisha akimbilie kwa wenzake. Nguruwe ana chakula 340, zaidi ya kondoo watatu. Pia anaua. Kila mtoto niliyemfundisha amempoteza mtu mmoja hapa, na hakuna aliyerudia kosa mara tatu.

7. Endelea na H, Q, H, Q bila kukoma. Ukifika wanakijiji 22 hivi, uwe na majengo mawili kama kambi ya mbao na kinu, na chakula 500, basi panda Enzi ya Kikabaila (Feudal Age), hatua ya pili ya mchezo.

Sasa sehemu ambayo watoto hawaipendi: dakika ya kumi ikifika, simamisha, anza upya. Usimwache aende vitani. Afanye mara tatu kwa siku mbili tatu. Muulize jengo la mji lilikaa bila kazi mara ngapi. Akiweza kujibu bila kubahatisha, keshaanza kuona mchezo mzima badala ya askari mmoja. Mwache apigane.

Mimi sikuwahi kufundishwa hivi. Nilicheza miaka minne nikijenga kuta za mapambo.

## Vidole vyenye moto: sekondari

Huyu ndiye mwenye haki ya gemu za mbio. Macho yake yanaona, mikono inajibu, usiku hachoki. Atataka mtandaoni, na aende, ila aelewe mambo matatu.

La kwanza, atapigwa. Kwenye Age of Empires II kila mgeni anaanzia alama 1,000 na wengi hushuka kabla ya kutulia mahali pao. Mzazi usicheke. La pili, mechi zinarekodiwa. Baada ya kupigwa afungue rekodi, aangalie dakika kumi za kwanza upande wa mshindi, aandike tofauti moja tu kwenye daftari. Kijana anayefanya hivi mechi kumi anampita anayecheza mia.

La tatu ni pesa na ukoo. Zile gemu zinazokuita huuza vito vya kuruka foleni ya kusubiri, na ukoo wa mtandaoni, yaani kundi la wachezaji wenzako, hudai uwepo saa fulani ya vita. Weka nywila ya ununuzi kwenye duka la programu la simu yako, usiache kadi wala pochi ya simu ikiwa wazi. Nililijua hili baada ya kuona salio limekwenda kwenye kitu kinachoitwa mfuko wa vito, na mnunuzi amelala fofofo chumba cha pili.

Kuhusu shule, kupiga marufuku kabisa kunampeleka kibanda cha gemu, ambako humuoni. Tulikubaliana nyumbani kwetu: Jumatatu hadi Ijumaa za zamu tu, nusu saa. Jumamosi za mbio, saa mbili. Muhula wa mtihani wa taifa za mbio zinatoka kwenye kompyuta kabisa, na anazitoa yeye kwa mkono wake.

## Chuoni

Sina mengi. Mna muda, mna laptopu, mna wenzenu. OpenRA, ambayo inaihuisha Red Alert bure, itawaunganisha chumba kizima bila bando. Na ukitaka kuzama, Europa Universalis IV, gemu ya kutawala dola za kihistoria, inakuruhusu kuanza na Kilwa tarehe 11 Novemba 1444. Mtu wa Pwani anayejua Wareno walifanya nini Kilwa mwaka 1505 ataanza kuunda meli mapema. Ila kujifunza gemu ile ni kama kusoma kozi ya ziada, usiianze mwezi wa mitihani.

## Kazi, ndoa, watoto wadogo

Hapa ndipo wengi huacha. Wanajaribu kucheza kama walivyocheza chuoni, wanaibia usingizi, wanagombana nyumbani, wanafuta kila kitu kwa hasira. Mimi nilifuta mara mbili. Kilichonirudisha ni Unciv.

Unciv ni gemu ya bure kwa simu za Android, imejengwa kwa kufuata kanuni za Civilization V. Haina matangazo, haihitaji intaneti, picha zake ni za kawaida sana na simu ya bei poa inaiendesha. Ndani yake utakuta mkakati wote: miji, mashamba, sayansi, vita, mapatano.

Jinsi ya kuicheza ukiwa na vipande vya dakika 12:

Anza na ramani ndogo kabisa na wapinzani wawili au watatu. Chagua mwendo wa haraka: kwenye Civilization yenyewe mwendo wa kawaida ni zamu 500 na wa haraka ni 330. Tofauti hiyo ni wiki kadhaa za maisha ya mtu mwenye kazi. Zamu za mwanzo ni sekunde chache, za katikati dakika moja, za mwishoni zinaweza kula kipande chako chote. Usijenge miji kumi. Minne inatosha kushinda kwa sayansi, na unaikagua yote kabla chai haijapoa.

Kabla ya kufunga, acha neno. Hii ndiyo siri yangu kubwa. Naandika kwenye sehemu ya kumbukumbu ya simu: "Zamu 84. Nasubiri maktaba mji wa pili. Askari wasivuke mto. Jirani wa kusini anadanganya." Bila hivyo, siku tatu baadaye unafungua ramani kama mtu aliyeamkia nyumba ya watu, unatumia dakika zako zote kukumbuka, unafunga bila kucheza.

Weka kengele ya dakika, na iweke mbali na ulipokaa. Wachezaji wa Civilization duniani kote wanatania kuhusu "zamu moja zaidi" kwa sababu kila zamu kuna kitu kinakaribia kukamilika. Kengele ya mezani unaizima kwa kidole. Ya kabatini inakuinua.

Na mshirikishe mwenzio. Unciv na Civilization V zote zinaruhusu watu wawili kupokezana kifaa kimoja. Mama watoto hakuwa na habari na gemu hadi nilipomwachia ufalme wa jirani yangu. Baada ya wiki mbili alikuwa ameninyima njia ya bahari, na mazungumzo ya mezani yakabadilika.

## Mzee

Kumfundisha mtu wa miaka sabini usianze na skrini. Anza na alichonacho. Kwa mzee wangu kilikuwa bao. Mtu aliyekaa miaka hamsini mbele ya mashimo 32, anayejua namna ya kuanza na kete 22 mkononi akinamua, yaani kuziingiza ubaoni, mojamoja, anajua kugawa rasilimali kuliko sisi wote. Nilipomwambia "Miji ni mashimo, askari ni kete, na hazina hii ni nyumba, ukiivunja mapema umekwisha," alinitazama kama namwambia jambo la kitoto. Ni kweli, kwake lilikuwa la kitoto.

Alianza na Polytopia. Ubao wake ni mdogo, vitu ni vichache na vina rangi kali, na kuna aina ya mchezo inayokwisha kwenye zamu 30 kwa kuhesabu alama. Kaa naye vikao vitatu vya kwanza, maana maandishi ni ya Kiingereza, lakini alama nyingi ni picha na atazishika. Tumia tableti, simu itamtesa. Ongeza ukubwa wa maandishi na mwanga. Mkono ukitetemeka, mpe kalamu ya kugusia skrini badala ya kidole. Na usimwonyeshe njia ya mkato hata moja mpaka aulize. Kilichomchosha mzee wangu mwanzoni ni mimi niliyekuwa nasema "bonyeza hapa, bonyeza hapa", wala gemu haikuwa na kosa.

Jambo moja la bao lilimsumbua. Kule ukiweza kula lazima ule. Huku unaweza kumwacha adui apite, na zamu nyingi za kwanza alikuwa anashambulia kila anachokiona kwa sababu ya adabu ya bao. Nilimweleza mara moja tu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe huku mtu anaruhusiwa kusamehe."

## Umri tofauti, meza moja

Likizo wakija watoto, jaribu hili kwenye Age of Empires II: kompyuta mbili, wachezaji wawili wachague rangi ileile. Mtashika mji mmoja kwa pamoja. Mtoto anapewa vita, mkubwa anapewa mashamba na majengo. Mkiwa na kompyuta moja, mmoja ashike kipanya, mwingine aamuru tu bila kugusa, kisha mbadilishane kila dakika kumi. Mwenye vidole atajifunza kusikiliza, na mwenye amri ataona mwenyewe amri ndefu zinavyochelewa.

Kwa walio mbali, Unciv ina mechi za mtandaoni ambazo kila mtu anacheza zamu yake anapopata nafasi. Sisi tunayo moja inaendelea toka Ramadhani: mimi Dar, mdogo wangu Muscat, mzee Tanga. Tuko zamu ya 61. Mdogo wangu hucheza akitoka kazini, mimi hucheza mtoto akilala. Zamu ni ya mzee tangu Jumanne na leo ni Jumapili. Nilimpigia jana kumuuliza kama tableti ina hitilafu. Akasema tableti ni nzima, anafikiria.